Mama Kagoma Kupumzika

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na msimu wa sare za shule ulikuwa umemkausha hadi macho yakamwingia ndani. Msimu ulipokwisha alifanya jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kulifanya: alisema atampeleka mama yake likizo kisiwani. Mama huyo alikuwa amemuuguza mumewe miaka mingi, akimgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko, hadi alipofariki. Tangu mazishi hakuwahi kutulia. Alikuwa akifagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Wifi yake Mama Pacha, mke wa kaka yake, alikula fungate hukohuko kisiwani na tangu hapo akajiona mwenyeji. "Kila kitu niachie mimi, wifi," alisema. "Kile kisiwa nakijua nje ndani."

Basi ushauri ukaanza kumiminika kwenye simu, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Kwenye boti kaeni juu, mbele kabisa, myaone maji. Chumba chukueni cha ghorofa ya juu, ndicho chenye upepo, na bahari mtaiona mkiwa mmelala. Mama Pacha alifuata yote bila kuuliza.

Kumbe mbele ndiko boti inakorusha watu kuliko kwingine kote. Walipotoka tu gatini, mawimbi yakaanza kuinyanyua na kuibwaga. Mama yake alishika chuma kwa mikono miwili, akafumba macho, kisha akatapika ndani ya mkoba wa Mama Pacha, ule mpya, ulionunuliwa kwa ajili ya safari.

"Nisamehe mwanangu," alisema akijifuta mdomo. "Ndio uliokuwa karibu."

Baharia mmoja aliyepita na ndoo aliwatazama kwa huruma. "Nani aliwaambia mkae huku? Mtu wa mara ya kwanza anakaa chini, katikati. Kule haitikisiki sana."

"Wifi yangu," alijibu Mama Pacha, meno yameumana.

Hoteli ilikuwa safi, kuta nyeupe, maua kila kona. Ila ngazi! Mama yake ana magoti mabovu, jambo ambalo wifi angelikumbuka kama angelifikiria mtu mwingine zaidi ya yeye na mumewe. Alipanda akishika ukuta, kila baada ya vidato vichache anaketi na kuhema.

"Hii likizo au adhabu?" aliuliza alipofika kona ya pili.

Mama Pacha akarudi mapokezi kuomba chumba cha chini. Vimejaa, akaambiwa. Wenye wazazi wote huwa wanawahi vya chini.

Asubuhi alipoamka, kitanda cha mama yake kilikuwa kimetandikwa kikanyooka kama cha askari. Taulo zimefuliwa na kuanikwa kwenye kibaraza, na mama mwenyewe ameinama anafagia. Ufagio kautoa wapi, hakuna ajuaye. Mlangoni alisimama mhudumu wa vyumba, mikono kiunoni, uso umemshuka.

"Dada, naomba umwambie mama aache," alisema. "Msimamizi akipita akanikuta nimesimama tu, atasema kazi imenishinda."

"Mama, hapa kuna mtu wa kufagia."

"Anafagia juu juu," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Uvunguni hajagusa."

Mhudumu alisikia. Mama Pacha alitamani sakafu impasukie.

Ufukweni ndiko alikodhani mambo yatanyooka. Mchanga ulikuwa mweupe, bahari imetulia, watu wamejilaza kwenye viti virefu. Mama yake aliketi kwenye ncha ya kiti, viatu miguuni, kibeti mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunapumzika, mama."

Mama alitazama mbele. Alitazama kushoto, akatazama kulia.

"Mpaka saa ngapi?"

Simu ikalia. Wifi: "Mmeshafika ufukweni? Mwambie mama aingie, maji yenyewe vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto!"

"Niingie kwenye chumvi, halafu nitoke nikaoge tena?" mama alisema. "Kwa nini nioge mara mbili?"

Mama Pacha alijikaza. Kesho yake alilipia safari ya kwenda kwenye fungu la mchanga linalojitokeza baharini maji yakikupwa. Hapo, aliwaza, lazima mama atafurahi. Alimwacha mapokezi, akaenda dukani kununua kofia mbili. Aliporudi, mama hayupo. Si mapokezi, si chooni, si ufukweni. Nahodha alipiga honi. Abiria wengine wakaanza kunung'unika, na maji hayamngojei mtu. Boti ikang'oa nanga huku Mama Pacha amesimama na kofia zake mikononi.

Alizunguka hoteli nzima jasho likimtiririka. Ndipo aliposikia kicheko nyuma ya jiko, kicheko ambacho hakuwa amekisikia siku nyingi. Alisukuma mlango. Ndani ya chumba cha kufulia, katikati ya mvuke na milima ya shuka, mama yake alikuwa amekunja mikono ya gauni anapiga pasi foronya. Wanawake watatu wa hoteli, yule mhudumu wa vyumba akiwa mmoja wao, walikuwa wanacheka mpaka wanashikana mabega.

"Mama!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Boti imeondoka! Nimekutafuta kama mtoto aliyepotea, kumbe uko huku unapiga pasi shuka za watu! Nimekuleta hapa upumzike!"

Vicheko vikakatika. Mama yake aliisimamisha pasi, polepole.

"Nilikwambia nimechoka?"

"Miaka yote ile ya kuuguza, mama..."

"Nikikaa kwenye kile kiti chenu, namwona baba yako. Nasikia anakohoa. Nikishika kazi, ananiacha." Alikunja foronya, akaiweka juu ya nyingine. "Aliyechoka ni wewe. Hebu jiangalie. Nenda ukalale, mwanangu, uniache."

Maneno hayo yalimuudhi Mama Pacha kuliko boti iliyoondoka. Alitoka akaubamiza mlango. Alishuka ufukweni, akaingia baharini na gauni lake, akapiga hatua kubwa kubwa kama mtu anayekwenda kushtaki. Kama mama hataki raha, yeye ataila peke yake. Maji hayajamfika magotini, akakanyaga kidude cheusi chenye miiba kama nungunungu.

Yowe lake lilisikika mpaka jikoni.

Walimbeba wale wanawake watatu, mama yake akitangulia kuwafungulia njia na kutoa amri. Walimtoa miiba mmoja mmoja, na kila mmoja ulimtoa chozi. Wifi alipopata habari alituma ujumbe upesi: "Jamani pole! Huko hakuingiwi bila viatu vya mpira. Ningekwambia, nimepitiwa tu."

Mama Pacha aliitupa simu chini ya mto.

Siku zilizobaki alizimalizia kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito, bahari anaiona dirishani kama alivyoahidiwa. Mama yake alipanda na kushuka zile ngazi akimletea supu na maji ya moto, magoti yakimlia, na wala hakulalamika. Mama Pacha alipomsihi akae japo kidogo, alijibiwa, "Tulia wewe, mgonjwa hasemi." Akabaki anaitazama feni. Kulala, kweli alilala. Alilala hadi mchana, akaamka amekasirika, akalala tena.

Siku ya kuondoka, wanawake wa chumba cha kufulia walikuja hadi gatini kumuaga mama. Walimkumbatia, wakampa namba zao za simu, mmoja akafuta machozi. Mama Pacha alisimama pembeni akichechemea, mabegi yote mawili mabegani, na hakuna aliyekumbuka kumpokea hata moja.

Safari hii walikaa chini, katikati. Boti ilipokwisha kushika mwendo, alimgeukia mama yake.

"Mama, niambie ukweli. Ulifurahi?"

Mama alifikiri. "Nilifurahi. Pale kwenye pasi."

"Na bahari je?"

"Bahari nimeiona," mama alisema. "Kubwa."

Mama Pacha aligeukia dirishani. Alitaka kucheka, lakini mguu ulikuwa unamuuma mno.