Mbuzi wa Marehemu Zamoyoni

Kama kulikuwa na kitu Salehe alichokijua barabara, kilikuwa mirathi. Mpe maiti yeyote, mwenye wake na watoto na wajomba wagomvi, angekugawia mali yake kabla kahawa haijapoa. Elimu hiyo aliipata Unguja, alikopelekwa kutoka kwao Ngazija kabla hajaota ndevu, na alipohitimu masheikh wake walimsifu mbele za watu. Lakini sifa ni sifa na kazi ni kazi. Katika mahakama za Unguja kila nafasi ilikuwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa na shemeji. Mgeni aliombewa dua, akapewa halua, akaagwa.

Ndipo aliposikia kwamba Liwali wa Shinyanga anatafuta karani anayejua sheria. Akafunga safari, akapanda treni mpaka vumbi la bara likamjaa masikioni, akashuka Shinyanga na sanduku la vitabu zito kuliko yeye. Liwali Sabiti, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimchukua kwa majaribio. Akifaa atabaki, asipofaa atarudi alikotoka. Na kurudi ndiko Salehe alikokuogopa kuliko simba, kwa sababu kule Ngazija mama yake alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni kadhi wa bara zima.

Hajazoea hata maji ya mji, akafariki mzee Zamoyoni, Mzaramo mshona kanzu. Salehe akaenda matangani kama walivyokwenda wengine, akaketi jamvini kwa adabu zake zote. Mara akaingia Msukuma mmoja aitwaye Bujiku, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Mhunze. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu. Alichechemea kama marehemu, akakohoa kama marehemu, akazunguka ua mzima akimtukana marehemu kwa uchoyo wake. Kisha akamfungua mbuzi wa marehemu na kuondoka naye. Wanawake walijifunika kanga nyusoni, mabega yakiwatikisika, na Salehe akaamini kwamba wanalia kwa kudhulumiwa.

Damu ilimchemka. Mali ya maiti, ambayo warithi hawajagawana, inachukuliwa mchana kweupe na mtu amevaa kofia ya maiti mwenyewe! Tena aliona hapo ndipo pa kumwonyesha Liwali kwamba hakukosea kumchukua. Liwali alikuwa safarini Kahama, kwa hiyo Salehe alimtuma tarishi wa baraza kwa kauli yake mwenyewe. Bujiku akakamatwa sokoni, akafungiwa, na mbuzi akafungwa kambani nyuma ya baraza kuwa ushahidi.

Maskini Salehe. Kila mtu Shinyanga alijua kwamba Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na kwamba msibani mtani hutukana, huchukua, huchekesha, na hakuna wa kumshtaki. Kwake yeye lilikuwa jambo jipya kabisa. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyefikiri duniani yupo mtu mzima asiyelijua.

Liwali aliporudi alimkuta Mwahija, dada wa marehemu, amesimama barazani akimngoja karani. Watani wote walikuwa wamesusa msiba. Wafiwa walibaki na kilio chao, na mjane Mwamvua, aliyekuwa ndani akikaa eda, alikuwa hali wala hasemi.

"Kaka yangu alikuwa na watu," Mwahija akamwambia Salehe. "Wewe umemfanya aonekane amekufa peke yake."

Liwali alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtu aliyefungiwa na karani atafunguliwa na karani, na kwamba kesho asubuhi ataamua kama bado anamhitaji karani huyo.

Salehe akamfungua Bujiku, akamwomba radhi, kisha akaishika kamba ya mbuzi mwenyewe na kukatiza mji mzima nyuma yake. Watu waliacha kazi zao kumtazama msomi akivutana na mbuzi. Kufika matangani akakiri mbele ya wote kwamba amekosa kwa kutojua, akamkabidhi Bujiku kamba.

Bujiku hakuipokea.

"Ng'wanawane, mwanangu, umetoka mbali," akasema. "Ukifa hapa Shinyanga, nani atakuja kukutukana?"

Salehe aliwafikiria wale wote waliomsifu Unguja, akaona hata mmoja asingejua kama anakohoa au anachechemea. Machozi yakamtoka hadharani.

"Sina mtu," akasema.

"Basi kwangu mimi pwani yote ni Wazaramo," Bujiku akasema. Akainama, akamvua Salehe makubazi miguuni, moja baada ya jingine, akayavaa. Kisha akaanza kutembea uani kwa maringo, kifua mbele, akimshika mbuzi pembe na kumsomea mashtaka kwa Kiswahili cha Unguja. Ua mzima ukaangua kicheko. Cha Mwamvua kilitokea chumbani, kikavishinda vyote.

Asubuhi Salehe akafika barazani peku, vidole vimejaa vumbi. Liwali akaitazama miguu yake, akamuuliza ni nani aliyemwibia viatu.

"Sijaibiwa, Bwana Liwali," Salehe akajibu. "Amechukua mtani wangu."

Liwali akamwita tarishi, akamwagiza amtafutie karani nyumba ya kukaa, yenye ua mkubwa wa kuwatosha watani.