Kengele ya Kitandani

Mume wangu, ambaye mtaa mzima nami pia tulimwita Fundi, alitengeneza redio za watu miaka arobaini, kwenye meza iliyo chini ya dirisha la sebuleni, na miaka yote hiyo hakuniruhusu nishike chuma chake cha kulehemu. Kufuta vumbi mezani, ruksa. Kuokota vipande vya waya sakafuni, kazi yangu. Lakini kile chuma chenye mpini mweusi na ncha inayopata moto kwa umeme, hapana. Nilipokuwa bi harusi nilimwomba anifundishe, akacheka. "Hiki si mwiko wa ugali, mama watoto," akasema, na watoto wenyewe tulikuwa hatujapata hata mmoja.

Halafu akapata kiharusi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi. Ulimi ulimrudia baada ya wiki tatu, mzito, ila makali yake yalikuwa palepale. Mara mbili alijaribu kwenda chooni peke yake nikiwa uani, na mara mbili nikamkuta chini. Binti yetu, ambaye ni muuguzi na anaishi mji mwingine, alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, akianguka tena namchukua. Sikuombi ruhusa, nakuarifu."

"Umpeleke wapi, na wewe unashinda kazini?"

"Nitaweka mtu. Wewe ukiwa uani husikii akiita."

Masikio yangu hayana neno. Fundi ndiye hakuwa tena na sauti ya kufika uani.

Fundi alingoja binti aondoke. Kisha akanituma chini ya meza nitoe boksi lenye kengele ya mlangoni ya betri, na kitufe chake, na waya mrefu. Kitufe kikae kitandani, mkono wake wa kushoto. Kengele itundikwe mlango wa uani. Tatizo, waya ulikuwa umekatika pale unapoingia kwenye kitufe, na mkono wa kuulehemu ndio ule uliokufa. Akanitazama kama mtu anayetazama daraja bovu ambalo hana budi kulivuka.

"Haya, leta chuma," akasema.

Nilivuta meza karibu na kitanda. Akanielekeza: futa ncha kwenye sponji yenye maji, paka waya dawa ya kulehemu, gusa waya kwa chuma, subiri waya wenyewe upate moto, ndipo uupe risasi. Risasi hiyo ni kama uzi wa rangi ya fedha uliozungushwa kwenye kigurudumu. Maneno niliyaelewa. Mikono ndiyo haikuelewa. Miaka mingi ya jikoni imeizoesha kuchota, basi nikawa nayeyusha risasi kwenye ncha, naibeba, naidondosha juu ya waya kama mtu anayetia mafuta kwa kijiko. Ikakaa pale, kidonge cha kijivu.

"Baridi," alisema Fundi.

"Imeniunguza kidole, unaniambia baridi."

"Waya ndio wa baridi. Risasi imekaa juu yake tu, haijashika. Ikishika hutandaa na kung'aa. Vuta uone."

Nikavuta. Kidonge kikabanduka kizima, kama kigaga.

Siku nne tulikuwa katika hilo. Moshi wa dawa ukinitoa machozi, yeye kichwa juu ya mto. Baridi. Rudia. Baridi.

"Wewe ulijifunza siku ngapi?" nikamuuliza.

"Mimi sikuwa napika."

Siku ya nne, baada ya baridi ya sita, nilichoka. Nikalehemu nikiwa nimempa mgongo, nikaona kidonge kile kile cha kijivu, na badala ya kumwonyesha nikazungusha utepe mweusi raundi tatu, nikaubana vizuri.

"Umefunga kabla sijaona. Imeng'aa?"

"Imeng'aa."

"Huchoti tena?"

"Sichoti."

Nilimwambia hivyo nikimtazama machoni. Akabonyeza, kengele ikalia uani, akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki nzima. Siku tisa ililia. Alipiga akitaka maji, alipiga akitaka redio, alipiga kuniuliza saa, na saa ipo ukutani mbele yake.

Siku ya kumi asubuhi nilimnyoa, akasema namnyoa kama namenya kiazi. Nikamjibu amwite binti yake amnyoe. Akageukia ukutani. Nikatoka kufua mashuka, na kengele haikulia. Nikasema moyoni, amenuna, na anune. Nilipomaliza kuanika sikuingia ndani. Niligeuza ndoo nikaikalia, nikapanga vibanio vya nguo, vya mbao huku, vya plastiki huku, jua likatoka ukutani likafika kwenye mfereji. Niliufurahia ule ukimya. Hilo binti yangu sijamwambia.

Nilimkuta kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu, kitufe kiko mkononi na kidole gumba bado kinabonyeza.

"Nimepiga," akasema. "Nimepiga sana."

Nikataka kumwinua, akakataa. "Fungua utepe."

Nikaufungua palepale sakafuni. Kidonge kilitoka pamoja na utepe. Waya chini yake ulikuwa msafi, haujaguswa na kitu. Akaugusa kwa kidole gumba. Nilingoja aseme baridi.

"Ungeniambia," akasema.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Binti alipofika hospitali swali lake la kwanza lilikuwa, "Kengele haikulia?"

Fundi alijibu kabla sijafungua mdomo. "Betri iliisha."

Sijui kama alinisitiri mimi, au aliificha kazi mbovu iliyotoka kwenye meza yake. Hakunitazama ili nijue. Binti alimchukua kutoka hospitali moja kwa moja hadi kwake, na nguo zake nilizituma baadaye.

Wiki iliyofuata niliwasha chuma. Nikagusa waya, nikangoja mpaka nikauona umebadilika rangi, nikaupa risasi. Waya ukainywa. Ikatandaa, ikang'aa kama jicho la samaki. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, haikutoka. Nikampigia binti.

"Baba amelala, mama."

"Akiamka mwambie imeng'aa."

"Nini imeng'aa?"

"Wewe mwambie tu."

Kesho yake alinipigia. Nikamuuliza, amesemaje?

"Amesema hicho chuma ukipeleke kwa fundi yeyote, kitamfaa."

Bado kiko mezani. Nakifuta vumbi kila asubuhi.