Barua Juu ya Meza ya Chapati

Kwa miaka thelathini na mmoja Herbert Ochwo alifundisha somo la dini katika sekondari moja ya Tororo, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kuambiwa kwamba historia ya kanisa ni historia ya watu wazima kununiana. Alilisema hilo akicheka mpaka miwani inateleza puani, maana hakuwahi kujihesabu miongoni mwa watu hao.

Alipostaafu alihamia Busia, upande wa Uganda, akawa msomaji katika kanisa la Kianglikana, yule anayehubiri mchungaji anapokuwa na kazi nyingine. Kisha akaletwa mchungaji mpya, Jovan, kijana ambaye Herbert mwenyewe alimfundisha. Jumapili moja, mahubiri yakiwa yamepamba moto, Jovan akamsogezea kikaratasi mimbarani: "Mwalimu, dakika hamsini zimekwisha." Herbert alikikunja, akakitia mfukoni, akahubiri robo saa nyingine, kisha akaenda nyumbani kumtangazia mkewe, Alungat, kwamba kanisa limepotea.

Alungat alikuwa anamenya njugu. "Limepotea kanisa," akauliza, "au wewe umekatizwa?"

Kwa watu alieleza kuwa ni suala la mafundisho. Lilikuwa suala la kikaratasi, na hilo alilijua kama anavyolijua jina lake. Hata hivyo, kabla ya miezi mitatu kwisha alikuwa amepanga ghala tupu la mahindi karibu na maegesho ya malori, akapandisha kibao: KANISA LA UMOJA WA MITUME. Neno "Umoja" alilichagua yeye mwenyewe, mtu aliyejitenga juzi. Alungat hakumfuata. Alisema yeye hakukatizwa na mtu.

Waumini walifika ishirini na watatu. Nusu yao waliletwa na Agwang, mama wa Kiteso aliyewauzia chapati madereva wa malori, mwenye sauti ya kumwita mteja akiwa bado upande wa pili wa mpaka. Meza ya Bwana iliangaliwa na Griffins, fundi wa simu kutoka Busia ya Kenya, mtu wa utaratibu, ambaye hata viti alivipanga kwa kuvuta kamba.

Jumamosi mchana Herbert aliwafundisha historia. Alianzia Yerusalemu, kwa wanawake waliorudi wakisema kaburi ni tupu na wanaume wasiwasadiki. Akapita Antiokia, ambako wafuasi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, huenda kwa kejeli, kama majirani wanavyokubandika jina nawe ukazeeka nalo. Akaeleza jinsi Wakopti na Wahabeshi walivyoachana na wenzao baada ya mtaguso wa maaskofu kule Kalkedoni, wakibishania namna Kristo alivyo Mungu na mtu. Ndipo akafika mwaka 1054, ambao aliupenda kama mtu anavyopenda habari za ugomvi wa jirani.

"Roma na Konstantinopoli waligombana kwa mengi," alisema. "Nani mkubwa, neno gani liongezwe kwenye Kanuni ya Imani. Lakini jambo mojawapo lilikuwa mkate. Roma walitumia usiotiwa chachu, wale wa mashariki uliotiwa. Basi mjumbe wa Papa akaingia kanisa kuu la Konstantinopoli, akaweka juu ya madhabahu barua ya kumtenga patriaki, mkuu wa kanisa la kule, akakung'uta vumbi la miguu yake, akatoka. Shemasi akamkimbilia barabarani akimsihi aichukue barua yake. Akakataa. Na Papa aliyemtuma alikuwa ameshakufa miezi mitatu nyuma." Herbert akavua miwani ili afute machozi ya kicheko. "Wazee wenye ndevu, ndugu zangu. Kwa ajili ya hamira."

Griffins alicheka. Agwang hakucheka. "Lakini Mwalimu," akauliza, "nani alikuwa sawa?"

"Hilo si swali la historia, mama."

"Ni swali ya nani, basi?"

Herbert alisema watalifikia wiki nyingine.

Baada ya majuma mawili malori yalikwama mpakani, na Jumapili hiyo hapakuwa na mkate dukani wa kuweka kwenye Meza ya Bwana. Agwang alileta chapati tatu, amezifunika kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Griffins alizitazama kama mtu aliyewekewa kiatu mezani.

"Hii haiwezekani, mama," akasema. "Hiki ni chakula cha barabarani. Kina mafuta."

"Bwana Yesu alikula Pasaka," Agwang akajibu. "Pasaka hapana hamira. Hii chapati yangu hapana hamira. Hiyo mkate yenu ya duka iko na hamira, na sukari juu. Mwalimu mwenyewe alitufundisha."

Watu wote wakamgeukia Herbert. Angeweza kusema, "Tuombe, tule." Maneno mawili tu, baadaye aliyahesabu. Badala yake alisimama, akashika koti lake kifuani kama alivyozoea darasani, akaeleza Pasaka ya Wayahudi. Akaeleza kwamba Injili ya Yohana inaiweka karamu ile kabla ya Pasaka. Akaanza kueleza neno la Kigiriki la mkate. Hapo Agwang akasema, wala hakupaza sauti, "Mwalimu, hujui. Sema tu kwamba hujui."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Herbert alihisi masikio yakishika moto. Akatoa hukumu papo hapo: mkate wa dukani, na chapati ni marufuku, milele. Jumapili hiyo hawakula chochote.

Juma lililofuata walikuja watu tisa. Wale kumi na wanne walikuwa wanasali kwenye kibanda cha Agwang, chini ya turubai, na upepo ulizileta nyimbo zao mpaka ghalani. Zilikuwa nzuri kuliko za ghalani, na hata Griffins alionekana akigongagonga mguu.

Jumatatu Herbert aliandika barua. Ilikuwa kurasa mbili za karatasi nzito. Ilianzia Kalkedoni na kuishia kwa kumtenga Agwang na ushirika wa mitume. Aliipiga muhuri, nakala akampa Griffins aitunze. Alungat aliisoma akiwa amesimama nyuma yake.

"Mitume walikutuma lini?" akauliza.

Herbert akamwambia haelewi mambo ya uongozi.

Kesho yake saa nne asubuhi alifika kwa Agwang, akamkuta ameinamia kikaango. Aliiweka barua mezani, kati ya trei ya mayai na kopo la chumvi, akageuka kuondoka. Alikuwa amevuka mtaro alipokumbuka: mjumbe, madhabahu, vumbi. Hata vumbi lilikuwapo, maana Busia haikosi vumbi. Akapunguza mwendo. Lilikuwa jambo la aibu, lakini Herbert Ochwo, miaka sitini na mitatu, mwalimu wa wengi, alikuwa anamngoja shemasi.

"Mwalimu," Agwang akamwita kutoka kule mezani.

Akasimama, akageuka.

"Unataka mayai moja ama mbili?"

Hakuwa ameigusa barua. Herbert akaongeza mwendo.

Alhamisi Jovan akaja nyumbani kwao akiwa na karatasi mkononi, imelowa mafuta. Agwang hakuona sababu ya kupoteza karatasi nzito kama ile. Alifungia roleksi, ile chapati inayoviringishwa na mayai, na mteja aliyeinunua alikuwa mchungaji.

Jovan alisalimu, akaketi kwenye kiti alichoonyeshwa na Alungat. "Nimeisoma, Mwalimu. Ukurasa wa kwanza niliusoma nikiwa bado natafuna. Lugha ni nzuri. Ila umeandika Kalkedoni ni mwaka 415. Wewe ulitufundisha 451. Mimi ulinichapa kwa ajili ya tarehe hiyo."

Herbert akaipokea. Mwandiko ulikuwa wake, muhuri wake, na doa la nyanya lilikuwa limekaa juu ya neno "mitume." Alijiandaa kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikamkauka, akabaki ameitazama ile karatasi.

"Miaka thelathini na mmoja niliwacheka watu hawa," akasema. "Kumbe nilikuwa najifunza kazi yao."

"Mimi pia nilikosa," Jovan akasema. "Kile kikaratasi. Ningengoja umalize."

"Ungezeeka ukingoja," Alungat akasema kutoka jikoni.

Kesho yake Herbert alichagua saa sita mchana, wakati madereva wamejaa kibandani. Aliona kwamba kama aliweza kumtenga mama wa watu hadharani, hana haki ya kwenda kumwomba radhi kichochoroni. Maneno alikuwa ameyaandika. Alipofika, akayaacha mfukoni.

"Mama, ile barua ilikuwa ya kukutenga."

"Mchungaji aliniambia," Agwang akasema, akigeuza chapati. "Nikamwambia imeshafunga chakula."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Uliniuliza nani alikuwa sawa, sikujua. Uliposema sijui, niliona aibu mbele ya watu, na aibu yangu nikaiita mafundisho ya mitume."

Agwang akaelekeza mwiko kwa madereva. "Rudia. Hawa wa nyuma hawakusikia."

Herbert akarudia, sasa kwa sauti ya darasani. Dereva mmoja aliacha kutafuna. Agwang akaipua chapati, akaichana, nusu akampa yeye, nusu akala mwenyewe. Hawakuomba, wala hakuna aliyesema ni nini walichokuwa wakifanya. Chapati ilikuwa ya moto, ikamuunguza Herbert ulimi, akaimeza hivyo hivyo.

"Sisi haturudi kule kwa ghala," Agwang akasema. "Lakini Jumamosi kuja kufundisha. Dakika ishirini. Mimi nitashika saa."

"Dakika ishirini hazinifikishi hata Antiokia."

"Antiokia itangoja wiki ingine."

Griffins ndiye hakukubali. Herbert alimfuata mara mbili kumsihi waliache lile jambo la mkate. Griffins alimsikiliza kwa adabu, akafungua mkoba wake wa vifaa, akatoa nakala ya barua ndani ya bahasha safi.

"Wewe ndiye uliyeandika, Mwalimu," akasema. "Hapa kuna muhuri."

Mwezi huo huo kibao cha ghala kilipakwa rangi upya, kikaongezwa maneno mawili: KANISA LA UMOJA WA MITUME LA KWELI. Walikuwa saba, na viti vyao vilikuwa vimenyooka sana.

Jumapili moja Herbert akavaa koti lake na kwenda kanisani kwa Jovan. Alichelewa makusudi, akasimama mlangoni wimbo ukiendelea, akiogopa kwamba watu watageuka. Hakugeuka mtu. Jambo hilo lilimuuma kidogo, akajicheka kwa kuumwa nalo. Alungat alikuwa kwenye benchi la tatu kutoka nyuma, ameweka mkoba wake pembeni, mahali pa mtu mmoja. Alipomwona mumewe aliuinua, akaupakata.

"Leo umekuja kama nani?" mkewe akanong'ona, Herbert alipokwisha kukaa.

Herbert akafungua kinywa aeleze, na maelezo yalikuwa marefu. Alungat akamsogezea kitabu cha nyimbo, akamwonyesha kwa kidole ubeti waliofikia.