Taulo la Kamanda

Ranchi nzima ilimwita Kamanda, mwanamke aliyesimamia zizi la farasi, na jina lilimkaa. Farasi aliyenunuliwa mnadani alipoanza kukohoa, hakubabaika. "Mafua haya hayavuki mlango huu nikiwa hai," aliwaambia wafanyakazi wake.

Yakavuka. Siku ya tatu farasi wanne walikuwa na homa, makamasi yanawatiririka, majani wameyasusa. Hakuna aliyewahi kuchanjwa, kwa sababu mdogo wake wa kiume, mwenye ranchi, alishikilia kwamba farasi wasiotoka nje hawana pa kuyapatia mafua. Kamanda alimpasha, kijana wa watu akajifungia ofisini.

Roho ya Kamanda ilikuwa chumba cha mwisho cha zizi, kwa jike jekundu aliyemlea kwa chupa tangu alipofiwa na mama. Sasa alikuwa na mimba ya miezi kumi, na homa kali ingeweza kuitoa.

Akawatenga wagonjwa, akampa kila farasi ndoo yake. Bado wakaugua wengine: wa chumba cha nne, kisha cha tisa, kisha cha pili.

"Mbona ugonjwa unaruka ovyo hivi?" daktari wa mifugo aliyeitwa kuwatibu akashangaa. "Ungeambukiza majirani kwanza."

Kamanda akavitazama vyumba, akahesabu kwa kidole. Cha nne, cha tisa, cha pili. Ilikuwa njia yake mwenyewe ya kila asubuhi, alivyozoea kuwasalimia kwa mapenzi, akimfuta kila mmoja pua kwa taulo lililokuwa begani. Jike jekundu alimwacha wa mwisho, ili akae naye kwa raha; kwa bahati alikuwa bado hajaugua.

"Ni mimi, daktari," akasema. "Nimewagawia mafua kama peremende."

Akalitupa taulo motoni, akaenda moja kwa moja ofisini, akasimama mlangoni.

"Jike jekundu ni wako kuanzia leo. Mpeleke ghala la ng'ambo ya uwanja."

"Dada, unajua naogopa farasi!"

"Ndiyo maana hujagusa hata mmoja. Humu ndani msafi ni wewe peke yako."

Mdogo wake alikwenda akitetemeka, lakini alikwenda. Kamanda akabaki na wagonjwa, akawauguza wote wakapona, na hakuna aliyemsikia akisema hawezi. Ila kila jike alipolia ng'ambo akimtafuta, Kamanda alijifanya anafagia.

Daktari alikuwa amesema Kamanda asimkaribie jike mpaka zipite siku ishirini na moja tangu homa ya mwisho. Siku ya kumi na tisa mlango wa ghala ulifunguka. Mdogo wake akatoka na majani kichwani, nyuma yake jike jekundu, na ubavuni mwa jike kitoto chenye miguu inayoyumba.

"Dada, njoo! Amesimama mwenyewe! Na chanjo nimeshaagiza, usinianze!"

Jike akainua kichwa, akamlilia. Kamanda alitamani kuwakimbilia mpaka akashika uzio kwa mikono miwili. Kisha akauachia, akarudi nyuma hatua mbili, machozi yakimtoka waziwazi.

"Mfute pua!" akapaza sauti. "Kwa taulo lake mwenyewe!"