Upande wa Pili wa Bomba

Fundi bomba aliyeitwa Mama Koki hakuwa mwoga. Miaka ishirini ya kuingiza mkono kwenye mabomba ya watu ilimfunza kuwa uchafu ni uchafu tu, haumli mtu.

Asubuhi hiyo aliitwa na bibi mmoja mjane, sinki lake la jikoni limegoma kumeza maji. Akatega ndoo, akafungua kona ya bomba chini, akakomba mafuta yaliyoganda na majani ya chai, akafunga. Wapi! Maji yalisimama palepale.

"Limeziba ndani ya ukuta," akasema. Akafunika tundu kwa mpira wake wa kuzibulia, wenye mpini wa mti, akasukuma mara tatu, akauinua.

Maji yakatulia. Kisha yakavimba yenyewe: mara moja, mbili, tatu.

Hewa hiyo, akajiambia. Akasukuma mara mbili. Yakajibu mara mbili.

"Bibi, bomba hili linapita wapi?"

"Kwa wifi yangu, nyumba ya pili, ukuta wetu mmoja. Tumechangia bomba tangu niolewe na kaka yake."

"Basi mwambie apumzike kidogo. Tunasukumana."

Bibi akamtazama. "Wifi tulimzika mwezi uliopita, mwanangu. Funguo ninazo mimi."

Wakaenda wote. Makochi yalikuwa yamefunikwa mashuka, vumbi sakafuni halina alama ya unyayo. Sinki lilikuwa kavu kabisa. Lakini kando yake palisimama mpira wa kuzibulia, umelowa, unachuruzika maji tone kwa tone. Mama Koki akarudi nyuma hatua moja.

Bibi hakushtuka. Akavuta kiti, akaketi.

"Ndivyo tulivyokuwa tukizibua," akasema. "Mimi kule, yeye huku, tunapiga soga kupitia ukutani. Nenda kasukume. Mimi nabaki."

Miguu ilimwambia Mama Koki aondoke, lakini kazi ni kazi. Akarudi, akasukuma. Upande wa pili ukasukuma pia, kwa nguvu za mtu aliyezoea. Ukutani akamsikia bibi akiongea na kucheka chini chini, akinyamaza kidogo kila baada ya maneno, kama anayempisha mwenzake ajibu. Ghafla bomba likakoroma, maji yakashuka yote.

Bibi alirudi akiwa na macho mekundu na uso uliotulia.

"Umesukuma vizuri, bibi," Mama Koki akasema.

"Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Mama Koki akakusanya vifaa vyake. Alipotoka alivuka barabara asipite mbele ya nyumba ya wifi, akatembea upande wenye jua.