Moyo Uliopigwa Konde

Usiku wa jana niliota nimechelewa mtihani, na aliyenichelewesha alikuwa jibu B, ambaye alisimama mlangoni akinisihi nisimwondoe.

Mtihani wenyewe ni wa kweli, na ni leo asubuhi. Ni ule wa kupima uwezo wa wanaotaka kuingia chuo cha udaktari: maumbo, hesabu, na sehemu ya tatu, ya kuamua ungefanya nini mbele ya mgonjwa. Maumbo na hesabu kwangu si lolote si chochote. Sehemu ya tatu ndiyo inayonitoa jasho. Katika mazoezi ya juzi mgonjwa wa kwenye karatasi alivunjika mguu, nami nikamwambia, kwa Kiingereza, sori. Mwalimu Shemhilu, anayetufundisha jioni, akaninyima alama zote mbele ya darasa. Alisema neno hilo kwa Kiingereza ni la mtu aliyekosa. Akaniuliza kama mguu niliuvunja mimi.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu pale mtaani kwetu Muheza, tangu nikiwa kidato cha kwanza, bibi yangu Mwantumu amenitangaza kuwa daktari, na watu wananiita hivyo. Fundi viatu hunionyesha goti lake. Jina hilo silikatai, linanikaa vizuri, na nikishindwa leo sijui nitalirudisha kwa nani. Jana jioni Bibi aliniona nimenywea, akaniambia nipige moyo konde nikalale. Nikaupiga, nikalala.

Basi nikamweleza jibu B kwamba sheria ya kwanza ya Mwalimu Shemhilu haina msamaha: anza kwa kuondoa majibu yasiyofaa. Akavua kofia, akaondoka kwa kupitia shamba la jirani. Mlango aliokuwa ameuziba ukawa mlango wa ukumbi wa mtihani.

Ndani, sakafu ni tope. Sheria ya pili inasema usikwame kwenye swali moja, na sasa naona kwa nini. Mtahiniwa mmoja amezama hadi kiunoni katika swali la pembetatu. Ananiomba nikifika kwao nimsalimie mama yake. Namuuliza kwao ni wapi. Anasema hilo ni swali jingine.

Msimamizi ni Saa wa ukutani. Ana miwani na hana subira. Nayapita maumbo kwa kuruka kutoka pembe hadi pembe, hesabu nazipangua kwa mkono wa kushoto, na sioni sababu ya kuficha: nilikuwa hodari. Hata Saa alisimama kidogo kunitazama, jambo ambalo katika kazi yake ni utovu wa nidhamu.

Kisha ukumbi ukawa jiko letu. Kando ya mafiga palikuwa na benchi la wagonjwa, na juu yake ameketi Moyo, mkubwa kama mtu mzima, ameshika kadi ya hospitali. Uso ulikuwa umevimba na jicho moja limefumba.

Saa akasema hili ndilo swali la mwisho. Nikamuuliza mgonjwa amepatwa na nini.

"Konde," Moyo akasema. "Mwaka mzima wananigawa. Jipe moyo, mpe moyo, nami niko mmoja. Msimu wa mitihani ukifika wanaambiwa wapige moyo konde, na wanapiga kweli. Hili la juu ya jicho ni lako."

Majibu yakaingia. A alishauri Moyo aandike malalamiko yake kwa herufi kubwa. C alitaka asubiri daktari mkuu arudi kutoka semina. D jina lake ni Yote Hapo Juu, kwa hiyo alibebwa mabegani na A na C, akipunga mkono. B hakuja. Nilikwisha kumwondoa, naye ni mtu anayeheshimu sheria.

Nikamwondoa A. Nikamwondoa C. D akaanguka mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na kitu tena chini yake.

"Umeyamaliza," Saa akasema. "Chagua."

Hapakuwa na wa kuchagua. Dirishani nilimsikia Bibi akiwaambia majirani wasipige kelele, daktari yuko kazini, na nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikamtazama Moyo na jicho lake lile. Nikainama hadi usawa wa uso wake.

"Pole," nikamwambia.

Saa akavua miwani. Akauliza kama kwa neno hilo nakiri kosa.

"Konde moja ni langu," nikasema. "Mengine si yangu, nayo nayatolea pole vilevile. Bibi humpa pole hata mtu aliyetoka safari. Pole haiulizi nani kavunja mguu."

Saa akasema neno hilo halimo katika majibu. Lakini Moyo alikuwa mtu aliyelelewa, na alijibu kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa.

"Asante, nimeshapoa."

Na kwa kuwa ndotoni hakuna anayesema neno bure, akapoa. Uvimbe ukashuka, jicho likafunguka. Akasimama, akajinyoosha, akauliza kama chai iko tayari. Saa alilitafuta kosa kila mahali, hata chini ya sufuria, hakuliona. Akapiga kengele. Nilijisikia fahari hadi nikaogopa kupasua gauni la kulalia.

Kengele ilikuwa ya simu yangu. Bibi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pole na masomo, Daktari."

"Nimeshapoa," nikasema, na nikajisikia kweli nimepoa.

Alitoka kwenda barazani, nikamsikia akimwambia fundi viatu arudi na goti lake jioni. Mimi nikasimama mbele ya kioo kufunga vifungo vya shati jeupe. Upande wa kushoto wa kifua, pale panapodunda, niliona alama ya vifundo vya vidole, ya rangi ya njano, rangi ya pigo ambalo limekwisha kupoa. Nikaweka ngumi yangu juu yake, polepole safari hii. Ilienea sawasawa.