Hata Redio Musiguse

Minye nilikuwa natoka Kalundu na habari yenye kunichoma mudomo. Mama ya Thierry ameshuka mashua. Ule mama mwenye aliapa hatakanyaga mu arusi ya leo, ya mutoto wake na yaya Noella, dada yetu mukubwa, nimemuona na macho yangu pale bandarini, viatu mukononi, anauliza njia ya Nyamianda, mutaa yetu. Nikapanda pikipiki ya kwanza. Njia yote nilikuwa nacheka peke yangu, mupaka mwenye kuniendesha akaniuliza kama niko muzima.

Kufika kwetu tu, harufu ikanikata kicheko.

Asubuhi Tonton Venant, mujomba wetu, alirudi na gari yake ya Karina kutoka Kiliba, motere inachemka, mafuta ya zamani inaungulia juu yake na moshi inaingia mupaka ndani. Na ile gari njo ilikuwa ya kubeba yaya kanisani. Nilimuona anafungua waya ya batri na spana ya kumi.

"Ipoe kwanza," alisema. "Naenda kutafuta mazutu, ile dizeli. Nikirudi nitafunika alternateri na sashe ya plastiki, nipake mazutu na sabuni ya unga, nipanguse polepole. Hakuna mutu wa kugusa. Hata redio musiguse."

Minye nilisikia. Aimé, kaka yetu, alikuwa kwa kinyozi.

Sasa Aimé alikuwa ameinama chini ya kapo, kifuniko ya motere, burashi mukononi, bido ya manjano yenye mafuta karibu na muguu wake.

"Unapaka nini?"

"Esansi. Petroli inatoa grisi mbio."

"Tonton alisema mazutu."

"Mazutu itanuka mu robe ya arusi ya yaya mupaka ku altare. Esansi inajikausha yenyewe. Weye na diplome yako yote, haujui ile?"

Kila burashi ilipogusa chuma, motere ilijibu tss, tss. Haikuwa imepoa. Aimé alikuwa anapiga mluzi.

Na ndani ya gari, nyuma ya kioo, yaya Noella. Nywele imesukwa, kucha zimepakwa rangi sasa hivi, telefone iko ku waya ya kuchajia juu ya vile umeme ya nyumba ilikuwa imekatika. Nikamuona anazungusha ufunguo ya gari.

Hakuna kitu kilitokea.

"Aimé, batri ya gari imekufa," akasema ku dirisha.

"Haijakufa. Ule muzee ametoa waya. Ngoja." Akaanza kutafuta mu sanduku ya vyuma.

Nikaenda ku mulango ya yaya. "Toka."

"Nitoke niende wapi? Kucha haijakauka. Ingia weye. Na ile uso, uko na habari."

"Niko nayo. Lakini ndani ya gari siisemi."

"Jolie, usinichezee leo."

"Ni ya mama ya Thierry."

Alifungua mulango na kiwiko. Nikatembea kinyumenyume, yeye ananifuata, mikono juu.

"Amesema nini? Amekataa tena? Sema basi."

Nikamuvuta vile mupaka ku barabara.

"Aimé, wacha ile waya," nikaita.

"Namaliza kuifunga tu," akajibu, bila kuinua kichwa.

Nilisikia pu, kama mutu anakung'uta godoro. Moto ikasimama chini ya kapo, halafu ikatambaa mu mabati ya gari mupaka chini, ikakuta bido. Aimé alitoka anakimbia, mukono moja unawaka, akajitupa mu muchanga. Mama Georgette wa jirani alifukuza wenye walileta ndoo. "Hapana maji. Moto itatembea nayo. Leteni muchanga." Wakati muchanga ulifika, kiti yenye yaya alikuwa amekalia ilikuwa imebaki vyuma.

Tonton alirudi na mazutu yake. Hakuingia. Aliiweka ng'ambo ya barabara, mbali, kisha akauliza kitu kimoja.

"Nani alikuwa ndani?"

Aimé, mukono umefungwa mu kitambaa, alianza kulia. Yaya akainua kidole kama mu kalasi, rangi ya kucha imechafuka yote.

Njo pale pikipiki ilisimama. Mama ya Thierry alishuka, akaangalia moshi, akaangalia Noella na ile kidole ingali juu. Hakusalimia mutu. Akaushusha ule mukono, akaushika, na mupaka jioni hakuuachilia.